Kwanini kuna "shorten" lakini hakuna "longen"? Naombeni msaada

MamaTumaini

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina kijana wangu yuko kidato cha pili, jana karudi na daftari la Kiingereza, zoezi lilikuwa la kugeuza maneno yawe vitenzi, na ukurasa mzima ni wino mwekundu. Kaandika hivi: They will longen the bridge. Please simplen the question. She wants to beauten her house. Kote kawekewa kosa na juu yake imeandikwa lengthen, simplify, beautify, basi, maelezo hakuna.

Akanifuata jikoni na daftari mkononi akaniuliza, "Mama, kama short inakuwa shorten, kwanini long isiwe longen?" Nilizima jiko kwanza nikakaa. Mimi Kiingereza nakitumia kazini kila siku, naandika barua na ripoti, lakini hilo swali sijawahi kujiuliza hata siku moja, najua tu kwamba longen haipo. Nikamwambia nitakuulizia kwa wanaojua.

Kwahiyo naombeni, kuna kanuni yoyote ya kujua neno gani linachukua -en, lipi -ify, lipi -ize na lipi -ate? Au ndiyo mtoto akariri moja moja? Na hiyo -ize mbona pengine naiona kwa z pengine kwa s?

Kigongo77

Dada hapo ni kukariri tu. Kiingereza kimeokota maneno kila kona, huku Kifaransa huku Kilatini, hakuna kanuni itakayokusaidia. Mpe orodha asome jioni na asubuhi, ndivyo tulivyofundishwa sisi na tukafaulu.

MwalimuChaki

Kaka Kigongo samahani nakupinga, ni kweli maneno yameokotwa kila kona lakini hizo kona ndizo zinazotoa kanuni yenyewe. Nimefundisha hili somo miaka mingi na mtoto anayeuliza longen ni mtoto anayefikiri, maana amekamata kanuni halafu akaitumia, kosa lake ni kwamba hajaambiwa masharti ya hiyo kanuni. Mama Tumaini mpongeze kijana kabla hujamrekebisha.

Anza na -en. Hii ni ya kwao Waingereza wenyewe, ilikuwepo kwenye lugha yao ya kale kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066 na kuwaletea Kifaransa. Kwa hiyo inapenda maneno mafupi ya nyumbani, short, dark, wide, weak, soft, yaani silabi moja. Hilo sharti la kwanza. Sharti la pili ndilo watu hawaambiwi, nalo ni la sauti: neno lazima liishie kwenye sauti inayobana au kukata hewa, kama p, t, k, d, f, s, sh, th. Ndiyo maana unapata deepen, shorten, thicken, harden, stiffen, loosen, freshen. Angalia sauti usiangalie herufi, kwa mfano rough na tough zinaandikwa na gh lakini zinatamkwa f, na kweli zipo roughen na toughen.

Sasa mwambie kijana atamke short. Pale mwisho hewa inakatika, pap. Halafu atamke long, aivute ile ng ya mwisho, ataona anaweza kuguna nayo wimbo mzima mdomo ukiwa wazi hivyo hivyo, hewa inapita puani. Sauti za namna hiyo za kugunika -en haizitaki. Ndio maana hamna longen wala strongen, na thin haina thinnen, clean haina cleanen, cool haina coolen, dim haina dimmen. Na neno likiishia na irabu ndiyo kabisa haishiki, slow, low, dry, high zote zimekosa.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni rangi, mimi darasani huwa naandika rangi saba ubaoni nawaachia wenyewe. Black, blacken. White, whiten. Red, redden. Halafu wanakwama, green haina, brown haina, blue haina, grey haina. Wanatazama ubao wanatazamana, halafu mmoja anasema mwalimu mbona zilizokubali zote zinakata sauti mwishoni. Siku hiyo huna haja ya kueleza tena.

Sasa Kiingereza kikikwama kwa long kinafanyaje? Kinaenda kuchukua nomino yake, length, ambayo inaishia na th, na th inabana hewa, basi -en inashika hapo: lengthen. Strong inakwenda strength, strengthen. High inakwenda height, heighten. Na ukitaka kuhakikisha kwamba sababu ni sauti, angalia deep na wide. Nazo zina nomino zake, depth na width, lakini hakuna depthen wala widthen, kwa sababu deep na wide zenyewe zimekubaliwa mlangoni hazina haja ya kuzungukia nyuma.

Zipo zinazokataa hata kama sauti inaruhusu. Hot inaishia na t na hotten hatuifundishi, kwa sababu heat ilishakuwa kitenzi tangu zamani na kazi inaifanya. Sisi nasi tuna fupi fupisha, refu refusha, lakini kubwa hatusemi kubwisha, tunasema kuza, nafasi ilishachukuliwa. Na quiet ina silabi mbili lakini Waingereza wanasema quieten, hiyo akariri, sawa kaka Kigongo hapo nimekupa.

Za -ify na -ize nitarudi usiku, nina madaftari ya kusahihisha.

MamaTumaini

Mwalimu Mungu akubariki. Nimemfanyisha hilo zoezi la kuguna sasa hivi, kaguna long, kaguna green, kaguna slow, halafu kajaribu kuguna black ikashindikana kacheka peke yake. Tunasubiri hizo nyingine.

MtafsiriHuru

Naongezea kitu kimoja kama mtu ninayekula kwa kutafsiri, maana ukishajua kiambishi bado kuna mtego wa pili, kukitumia kwenye sentensi.

Kiswahili chetu kinatenganisha kufanya na kufanyika. Imara inatoa imarisha na imarika. Laini, lainisha na lainika. Bora, boresha na boreka. Pana, panua na panuka. Kiambishi kinakuambia kabisa nani katenda na nini kimetokea chenyewe. Kiingereza -en inabeba yote mawili kwa umbo moja. They widened the road, walipanua barabara. The road widened, barabara ilipanuka. Kwenye taarifa za habari utasikia The shilling has strengthened, shilingi imeimarika, na dakika hiyo hiyo The bank has strengthened its rules, benki imeimarisha taratibu zake. Mtafsiri asiyekuwa makini anaandika shilingi imeimarisha halafu msomaji anabaki anasubiri imeimarisha nini.

Lakini -ify nyingi hazikubali hivyo, zinataka mtendwa. Huwezi kusema The rules simplified ukimaanisha kanuni zimerahisika, utasema The rules have been simplified au have become simpler. Na -ize ndiyo ina tabia tofauti tofauti kabisa, legalize ni kuhalalisha kitu, hospitalize ni kumlaza mtu hospitali, memorize ni kuingiza kitu kwenye kumbukumbu, halafu apologize haichukui mtendwa kabisa. Hili ni kosa nalokutana nalo kila wiki kwenye barua, I apologize you, kwa sababu kichwani mtu ana nakuomba radhi na ile "ku" inamdai mtendwa. Ni I apologize to you.

Na kingine ninachokipenda, neno taifisha. Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha mabenki yalitaifishwa, na kwa Kiingereza wakaandika nationalized. Tazama njia zake: wao wameanza na nation, wakaweka -al ikawa kivumishi national, ndipo wakaweka -ize. Sisi tumetoka taifa moja kwa moja mpaka taifisha. Na baadaye ulipokuja ubinafsishaji, private ikawa privatize, binafsi ikawa binafsisha, hapo tumeenda nao sambamba. Kiswahili nacho kinasikiliza sauti kama alivyosema mwalimu, taifa inapata -isha ila orodha inapata -esha, orodhesha, na bora boresha, kwa sababu ya ile o kwenye mzizi. Sidhani kama kuna mtu aliwahi kukaririshwa hiyo, tunaisikia tu.

KijanaWaLikoni

Mimi nijibu la z na s, maana lilinitesa sana. Shule n'lifunzwa s, organise, realise, modernise. Nikaanza kazi ya ofisini kompyuta ikawa yachora mstari mwekundu chini ya kila neno, nikadhani n'lifunzwa makosa. Kumbe ile kompyuta ilikuwa imepangwa Kiingereza cha Marekani. Marekani ni z. Uingereza wengi huandika s, lakini si wote, ile kamusi kubwa ya Oxford yenyewe yatumia z, kwa hoja kwamba asili ni Kigiriki, -izein, na huko ilikuwa z. S yatoka njia ya Kifaransa, -iser. Kwa hivyo hakuna aliyekosea, ila uchague moja uende nayo mwanzo hadi mwisho wa barua.

Lakini kuna maneno hayataki z hata uende wapi, na hapa ndipo watu huteleza wakidhani wanaandika Kimarekani. Revise, supervise, advise, televise, surprise, exercise. Hizo ni s kote kote. Sababu ni kwamba ile -ise pale si kiambishi, ni kipande cha neno lenyewe. Vis kwa Kilatini yahusu kuona, ndio ile ile ya vision na visit. Revise ni kuona tena, supervise ni kuona kutoka juu, yaani kusimamia. Ukiweka z umekata neno mahali si pake. Namna ya kujua kwa haraka ni kutoa -ise uone kama kimebaki kitu cha maana: modern-ise, modern ipo. Rev-ise, rev ndio nini? Haifanyi kazi mara zote, kwa sababu apology hupoteza y yake ikawa apolog-ize, lakini yasaidia.

JikoLaAsha

Huu uzi nimeusoma nikiwa jikoni napima unga, nikainua macho kwenye rafu nikaona somo lote liko pale. Mimi ni mpishi wa keki na vitafunwa.

Pakiti ya chumvi imeandikwa iodized, yaani ile chumvi yenye madini joto, wamechukua iodine wakakata mkia wakaweka -ize. Pakiti ya maziwa imeandikwa pasteurized, na hiyo imetokana na jina la mtu, Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 19, maziwa yanapashwa moto wa kiasi kuua vijidudu bila kuyachemsha. Mfuko wa unga wa ngano umeandikwa fortified, nilidhani ni kitu cha arobaini, forty, kumbe fortis ni nguvu kwa Kilatini na -ify ni kufanya, unga uliotiwa nguvu, umeongezewa madini na vitamini. Kikopo cha unga wa kulainishia nyama ni tenderizer. Na kopo la mafuta magumu ya kuokea limeandikwa shortening.

Hiyo shortening ilinisumbua miaka. Inafupisha nini? Mwisho nikaja kuelewa kwamba short kwenye mambo ya unga ina maana ya zamani, kitu kinachovunjika na kumumunyika kirahisi, siyo kinachovutika kama chapati. Ukichukua unga ukausugua na mafuta mpaka ukawa kama mchanga mchanga, yale mafuta yanazuia unga usishikane ukawa nyuzi ndefu, na biskuti ikitoka inamomonyoka mdomoni. Mwenye kuikanda kwa mkono anaihisi kabisa vidoleni. Kwahiyo mafuta yana-shorten unga. Mama Tumaini mtume kijana asome maandishi ya pakiti, atapata vitenzi kuliko kwenye kitabu.

FundiBati

Na mabati dada Asha. Galvanized, bati lililopakwa zinki lisipate kutu, limetokana na jina la Luigi Galvani, Mwitaliano wa karne ya 18. Kila siku nabeba jina la mtu kichwani nikipanda ngazi na sikuwa najua mpaka binti yangu alipokuja nalo kutoka shule.

MwalimuChaki

Nimerudi. Asha, mwezi ujao naenda darasani na kopo la mafuta, nashukuru sana kwa hilo.

Sasa -ify na -ize. Zote mbili ni za kuja, moja ya Kilatini moja ya Kigiriki, zote zimepitia Kifaransa, na zote maana yake ya msingi ni kufanya kiwe. Zinagawana maneno kwa urefu na kwa mkazo. Ify inapenda neno fupi, la silabi moja, au la silabi mbili linaloishia y au le: pure purify, class classify, null nullify, beauty beautify, simple simplify. Ize inapenda neno refu, silabi mbili na kuendelea, ambalo mkazo hauko mwishoni: modern, hospital, legal, final, symbol, standard, computer, zote zinapata -ize. Ndiyo maana tender imekuwa tenderize na siyo tenderify. Class ina silabi moja kwahiyo classize haipo.

Kuna maneno yanavuka mpaka, solid ina silabi mbili lakini ni solidify, person ni personify. Hapo angalia kinachotokea, mkazo unahama. Solid mkazo uko mwanzo, SO-lid, lakini ukiweka -ify unavutwa hadi karibu nayo, so-LID-ify. Person, per-SON-ify. Ify siku zote inataka mkazo ukae silabi iliyo jirani yake kabisa kwa mbele. Ize haina shida hiyo, neno linabaki na mkazo wake, HOS-pital, HOS-pitalize. Sisi tumezoea mkazo kukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kuhama hama, kwahiyo watoto wanasema identiFAyi, simpliFAyi, na hili nalisisitiza kwa mdomo kila kipindi maana kwenye karatasi halionekani.

Ize pia inakata mikia. Memory memorize, summary summarize, priority prioritize, sensitive sensitize. Hiyo sensitize mtaikuta kwenye kila ripoti ya mradi Afrika Mashariki, sensitize the community, sisi tunasema kuhamasisha au kuelimisha jamii. Niseme tu ukweli wangu hapa, -ize ni tamu na watu wa maofisini wameipenda kupita kiasi, wanaandika utilize mahali use inatosha kabisa. Kijana akijua use aandike use.

Ya -ate ina mambo mawili tu ya kumwambia. La kwanza ni kwamba mara nyingi shina lake la Kilatini halisimami peke yake kwa Kiingereza, vaccinate na validate unaona vaccine na valid, lakini separate au dedicate huoni kitu pale mbele, kwahiyo hizo kweli ni za kujifunza nzima nzima. La pili ni matamshi, kitenzi kinatamkwa eit, jina au sifa inatamkwa kwa sauti fupi iliyomezwa. To separate the two, mwisho eit. Two separate rooms, mwisho unamezwa kama it. Graduate, estimate, duplicate, moderate, zote hivyo hivyo.

Na -en ina deni moja la matamshi, ile t ikitanguliwa na s au f inakufa. Soften ni sofen, moisten ni moisen, hasten ni heisen. Herufi ipo sauti haipo.

Sasa zile tatu za kijana. Longen, nimeshasema. Simplen inakataliwa kwa sababu simple ina silabi mbili na inaishia kwa l ya kugunika, masharti yote mawili yamevunjika. Beauten, mzizi ni beauty, nomino ya silabi mbili inayoishia y, chakula cha -ify. Makosa matatu na yote yana sababu.

MamaTumaini

Mwalimu, dada Asha, MtafsiriHuru, kijana wa Likoni, fundi, wote asanteni. Nimemsomea yote, tumemaliza saa nne usiku. Kaka Kigongo orodha yako nayo tumeitumia ila tumeipanga upya, kachora mistari minne kwenye daftari, kila mstari kiambishi chake, na sasa hajaniuliza kipi kinakwenda wapi, anatamka neno kwa sauti, anaguna kidogo, halafu anaandika.

Kabakiza moja. Kasema fast ni silabi moja, inaishia na t, haigunike, kwahiyo fasten ipo. Nikamwambia ndiyo ipo. Akasema basi maana yake ni kuongeza mwendo. Nikamwambia hapana, ni kufunga, kama mkanda wa gari. Akaniangalia akasema mama sasa hiyo nayo imekaaje.

MwalimuChaki

Kakamata pabaya huyo. Mwambie fast maana yake ya kwanza ilikuwa imara, iliyoshikwa isitikisike. Bado ipo kwenye stuck fast, kukwama kabisa, na fast asleep, kulala fofofo. Fasten ilitokana na hiyo fast ya zamani, ni kufanya kitu kishike, halafu fast yenyewe ikaja kupata maana ya mbio huku fasten ikibaki pale pale. Akitaka kuongeza mwendo ipo quicken, na quick inaishia na k.